Mwana wa Mama Dobi

Kasri, 9 Agosti

Mdogo wangu Msumari,

Maji yamekatika. Tangu jana asubuhi bomba la jikoni linakoroma tu kama mzee mwenye mafua, na huku juu kwetu hata kukoroma hakuna. Mpishi mkuu amekuja kunilalamikia mimi, kana kwamba mhandisi wa maji wa mfalme ni mimi na si wewe. Nimemwambia uko bondeni juu, karibu na chemchemi, na bila shaka umeshajua ubovu uko wapi.

Fanya haraka, tafadhali. Wageni wa Baba wanaingia mwisho wa juma. Mama yangu, na umalkia wake wote, amekaa chumbani na sabuni kichwani. Nakuandikia hili ucheke, lakini ukija usicheke mbele yake. Mama yako naye amekwama. Mashuka ya vyumba vya wageni yamerundikana kwenye chumba cha kufulia hadi usawa wa dirisha, na nilipopita nilimkuta amekaa kitini, mikono mapajani. Sijawahi kumwona Mama Dobi amekaa mchana. Aliniuliza kama umeandika. Nikasema bado. Akasema kama bomba limepasuka utalishona, wewe hushindwi na kitu.

Kuhusu siku ile ya kuzindua bomba, najua uliondoka na kinyongo. Kaka yetu mkubwa alisoma hotuba ndefu, akamshukuru hata muuza saruji, wewe hakukutaja. Lakini nawe uelewe. Si rahisi mfalme kumsimamisha mbele ya mabalozi mwana aliyezaa na mfua nguo wake. Humu ndani kila mtu anajua wewe ni wa Baba. Yeye ndiye aliyekusomesha, na kazi hii alikupa wewe, hakumpa mtu mwingine. Basi tuliza moyo. Tengeneza bomba, urudi, mimi nitazungumza naye.

Dada yako


Bondeni juu, 12 Agosti

Dada,

Bomba halijapasuka. Koki kuu niliifunga mimi mwenyewe, na mpini wake ninao.

Mwambie Mzee hivyo hivyo, usipambe. Wakati wa kuchimba mtaro niliwaahidi watu wa huku kwamba kila kijiji kitapata bomba lake. Niliahidi kwa sababu ilikuwa kwenye mchoro, na mchoro Mzee aliupitisha. Walichimba msimu mzima, na mawe ya huku unayajua. Tulipozindua, maji yalitoka kila mahali, watu wakacheza. Juma lililofuata akaja msimamizi na amri ya Kaka: mabomba ya vijiji yafungwe, kwa kuwa chemchemi ya bustani mpya ya Kasri hairuki juu inavyotakiwa. Dada, ni chemchemi ya mapambo.

Visima vya huku vimekauka kwa sababu maji yote ya mlimani nimeyaingiza kwenye bomba lenu. Kuna mwashi mmoja tuliyefanya naye kazi tangu siku ya kwanza, sisi wote tunamwita Mwashi tu. Alinipeleka akanionyesha kisima cha kwao, udongo umepasuka hadi chini. Akaniuliza, "Mhandisi, hili ulilijua?" Nikamwambia sikulijua. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nami nisingeamini.

Nimemwandikia Kaka, sikujibiwa. Nikamwandikia tena, kimya. Ndiyo maana nimefunga. Ninachotaka ni maji yagawanywe nusu kwa nusu. Wakikubali, nafungua siku hiyo hiyo. Askari wa kambi ya huku walitumwa kuja kututoa, lakini wengi wao ni wazaliwa wa bonde hili. Walipofika mama zao walikuwa wamekaa juu ya koki. Sasa wao ndio wanaoilinda.

Na hilo la uzinduzi usinibembeleze. Kusimama na madereva hakukuniuma, madereva ni watu wazuri. Kilichoniuma ni Mzee kunitazama mimi, kisha akatazama saa yake.

Mwambie Mama apumzike. Mashuka hayana haraka.

Msumari


Kasri, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako niliipeleka mwenyewe. Baba aliisoma amesimama dirishani. Hakufoka. Alisema, "Nusu kwa nusu si jambo baya." Nilitaka kukimbia nije nikuambie kwa miguu yangu. Kaka akaichukua barua mkononi mwa Baba, akasema leo maji, kesho kiti. Baba akamwambia wewe si mtu wa viti.

Hapo ndipo dereva wa lori la posta alipoletwa ndani, katoka huko kwako moja kwa moja. Akaeleza kwamba watu walikubeba mabegani wakakuzungusha soko zima, wakikuita mfalme. Baba alimfanya arudie. Akarudia. Baba akatoka bila fimbo yake, na hajazungumza na mtu tangu hapo.

Nakuuliza kitu kimoja. Walipokubeba na kukuita mfalme, uliwaambia wakushushe? Kama uliwaambia, niandikie mistari miwili tu, niisome mbele ya Baba na mbele ya baraza lote. Sheria unaijua. Raia akifanya fujo hufungwa, au hufukuzwa nchini. Mwenye damu ya mfalme akikinyooshea kiti mkono, hunyongwa. Sasa hivi uko katikati ya hayo mawili, na mstari mmoja wako unaweza kukuvuta upande huu.

Kaka anakusanya malori. Andika upesi.

Dada yako


Bondeni juu, 24 Agosti

Dada,

Sikuwaambia.

Ningeweza kukudanganya na usingejua kamwe. Lakini ningekuwa nimekupa karatasi ya uongo uisome mbele ya watu kwa mdomo wako. Nilikaa juu pale tangu sokoni hadi njia panda. Bega la kulia lilikuwa la Mwashi. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniita mwana wa mfalme kwa sauti ya kusikika chumba cha pili. Siku hiyo walinipigia kelele bonde zima, nami nilinyamaza nikasikiliza.

Maji ni ya kweli, Dada. Hilo la mabegani nalo ni la kweli. Sijui ukiyatenganisha utabaki na nini.

Malori ya Kaka tunayaona vumbi lake. Nimewaambia watu anayetaka kwenda aende. Wachache wamekwenda.

Msumari


Kasri, 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Askari magereza anayekuletea barua hii aliwahi kuwa mtunza bustani wetu, kwa hiyo usiogope. Wameniambia jeraha la bega limeanza kufunga. Nimeomba nije kukuona, Kaka amekataa.

Kuhusu Mwashi najua hakuna wa kukueleza zaidi ya ulivyoona kwa macho yako, alianguka mbele yako. Lakini hili hukuliona. Baada ya mapigano, mama yako alipanda lori la mizigo akaenda huko bondeni na sabuni zake. Alizifua nguo za waliokufa, wa upande wako na askari wa Kaka, akazinyoosha, kila mmoja akazikwa akiwa safi. Wake za askari walitaka kumfukuza. Aliwaambia wamfukuze akimaliza.

Baba ametoa amri maji yagawanywe nusu kwa nusu. Hakuna tangazo, hakuna hotuba. Mafundi walikwenda tu wakafungua mabomba ya vijiji wakarudi. Kaka hakumpinga.

Kesi ni juma lijalo. Mwendesha mashtaka anasema hana pa kukwepea, damu ni damu, na wewe mwenyewe uliridhia kuitwa mfalme. Kaka naye chakula hakimpiti, nimemwona. Nilishinda mchana mzima na mama yako kwenye chumba cha kufulia, tumezungumza. Tuliyozungumza siyaandiki. Nakuomba jambo moja tu. Siku ya kesi, mtu yeyote akisema neno lolote, hata likukate maini, unyamaze.

Dada yako


Nje ya mpaka, 30 Oktoba

Dada,

Nilinyamaza kama ulivyoniomba. Sasa acha niseme.

Mama alisimama barazani amevaa lile koti lake la kijivu, vifungo amevifunga hadi shingoni. Mwendesha mashtaka alikuwa hajamaliza hata kusoma. Akasema, "Huyu si mwana wa mfalme. Baba yake alikuwa mpaka rangi aliyekuja kupaka kuta za Kasri, akamaliza, akaenda zake. Nilimdanganya mfalme ili nipate pa kulala." Watu wengine walicheka. Nilimtazama Mzee. Uso wake ulikuwa kama ukuta uliokwisha kupakwa. Jaji akamuuliza kama ana la kusema. Akajibu, "Nimesikia." Basi. Neno moja, na mimi nikageuka raia mfanya fujo, nikapakiwa garini nikaletwa mpakani. Nisirudi maisha yangu yote.

Nataka unijibu. Ni kweli?

Mama hajui kusema uongo. Shuka likiungua, hata asipoulizwa husema ni mimi niliyeliunguza. Nilimtazama usoni wakati anaapa, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote. Basi ni kweli. Basi watu wamelala chini kwa ajili ya mwana wa mpaka rangi aliyekaa mabegani mwao akisikiliza sifa zisizo zake. Ningenyongwa nikiwa najua mimi ni nani, ingekuwa nafuu.

Mwambie asiniandikie.

Msumari


Mjini, mtaa wa washonaji, 15 Januari

Mwanangu,

Mkono ni wa dada yako, maneno ni yangu. Nimemwambia asiyarembe.

Ulisema nisikuandikie. Mimi siandiki, anayeandika ni yeye, kwa hiyo sijakukosea. Na wewe karani wa mpakani unayefungua barua hii kabla ya mwanangu, nakusalimu, ila usiishike na vidole vya mafuta kama ile ya mwenzangu mtaa wa pili.

Kasri wamenitoa. Nimepata chumba kizuri nyuma ya washonaji, kina dirisha na kamba ndefu. Majirani mwanzoni walikuwa wakinyamaza nikipita. Sasa wameona nafua vizuri, wanaleta nguo. Mashati ya mzee wa juu nayo yanaendelea kuletwa kwangu. Yanatoka kule yanavuka mji mzima, nayafua, nayanyoosha, yanarudi. Hakuna aliyenieleza sababu nami sikuuliza.

Umeuliza kama ni kweli. Niliapa mbele ya jaji, mwanangu. Niliyoapa ndiyo hayo, siongezi wala sipunguzi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nimezoea kazi ngumu. Lakini ukikasirika wewe huwa huli, na usipokula unaumwa kichwa, na ukiumwa kichwa unagombana na watu. Sasa uko ugenini. Kula. Lala kwa upande usio na jeraha.

Mama yako


Ugenini, 6 Machi

Dada,

Sikujibu barua ile, na miaka imepita. Uliendelea kuniandikia habari za nyumbani na mimi nikaendelea kunyamaza, ulininyamazisha ukanikuta nimezoea. Leo naandika kwa sababu mbili.

Ya kwanza, nina mtoto wa kike. Nilioa mwaka juzi, mke wangu anashona mapazia, na mimi natengeneza pampu kwenye karakana ya mjini. Huku wananiita Fundi, hawanijui zaidi ya hapo. Mtoto ana vidole virefu na paji la uso lililotangulia mbele. Wakwe zangu wananiuliza kafanana na nani upande wangu. Siwezi kujibu. Hiki ndicho mlichoniachia ninyi na baraza lenu, kwamba namshika mtoto wangu na sijui nimeshika uso wa nani.

Ya pili, nimesikia kwenye redio kwamba Mzee amefariki. Nilifunga karakana nikakaa nje kwenye tairi. Wenzangu wakaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikasema sijafiwa.

Pole kwa kufiwa na baba yako.

Msumari


Kasri, 11 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii haipiti mpakani kwa karani. Anayekupa ni mkunga wangu wa zamani, amekuja huko kwa binti yake, ameishona kwenye upindo wa koti. Isome kisha ichome.

Paji la uso lililotangulia ni la Baba. Vidole virefu ni vya Baba. Hakuna mpaka rangi. Hajawahi kuwapo.

Mama yako ndiye aliyelifikiria, mimi nililia tu. Siku ile chumba cha kufulia nilimwambia hakuna njia, damu ni damu. Akaendelea kukunja mashuka, akasema kama tatizo ni damu basi tuiondoe hiyo damu. Nikamwambia watamwita malaya mji mzima. Akasema mji mzima humletea nguo zake chafu, anaujua. Tulihofia kitu kimoja, kwamba uso wako utamfichua. Ungejua, ungesimama ukapiga kelele kuwa ni uongo, ndivyo ulivyo, na ungenyongwa kwa kujisifu. Kwa hiyo ilibidi nawe uamini. Baada ya hapo barua zote zilifunguliwa, na aliyeapa uongo barazani angefungwa, nawe ungerudishwa. Ndiyo maana hakuongeza wala hakupunguza.

Umesema Mama hajui kusema uongo. Alisema mmoja tu, na alijizoeza siku tatu mbele yangu.

Kaka alijua. Mama yako alipoanza kuapa, Kaka alinitazama, nikamtazama, akainamisha kichwa akaandika kwenye karatasi zake mpaka mwisho. Angeweza kuuliza swali moja tu, mpaka rangi huyo alikuja mwaka gani. Hakuuliza. Usitarajie akuruhusu kurudi, kiti chake kinatetemeka bado na huko bondeni watu wanakutaja kila wakichota maji. Lakini kukuua hakutaka.

Na Baba. Siku zake za mwisho hakuwa akijua wakati wote yuko wapi. Asubuhi moja nilimvalisha shati lililotoka kwa mama yako. Akashika kola, akasema, "Yule mwanamke aliniumbua mbele ya watu wote." Nikadhani amekasirika. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshindwa hata kufungua mdomo, yeye akamwokoa." Kisha akaniuliza kama huko uliko kuna baridi.

Mwandikie mama yako. Nitamsomea.

Dada yako


Ugenini, 2 Juni

Mama,

Shikamoo.

Barua hii anairudisha yule mkunga, haipiti kwa karani. Ya Dada sijaichoma kama alivyosema. Nimeisoma mpaka mke wangu akaninyang'anya.

Nimejaribu kuandika maneno mazuri, nimechana karatasi nyingi. Hebu niandike habari tu. Nakula. Bega linauma wakati wa mvua tu. Mjukuu wako anatembea, na akianguka halii, anatazama kwanza nani amemwona. Nimemweleza mke wangu yote. Akaniuliza wewe miaka hii yote ulikuwa unaishi na nani. Nikasema peke yako. Akaniuliza tena, kana kwamba hakusikia.

Majirani waliokuwa wakinyamaza ukipita, nilikuwa mmoja wao, Mama, na nilinyamaza kuliko wao wote.

Nilitaka kurudi tu, litakalokuwa liwe. Mke wangu akasema nikirudi nikanyongwa, nitakuwa nimekuharibia kazi yako. Nimekaa. Lakini kila mwezi nitaandika, na wewe umtume Dada aandike, hata kama ni habari ya kamba ya nguo kukatika.

Mwanao


Ugenini, 17 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Hujawahi kuuona mwandiko wangu, mimi ni binti wa Msumari. Barua zenu na Bibi nimezisikia zikisomwa mezani tangu utotoni, kwa hiyo nakuandikia kama mtu ninayemjua.

Baba amefariki Jumanne. Alikuwa kazini, ameingia chini ya pampu ya kiwanda cha sabuni. Nilikuwa naye kwa sababu siku hizi karakana ni yangu, yeye alikuwa anakuja kunisumbua tu. Alisema anahisi uchovu, akakaa, akaniambia nati ya kushoto bado haijakaza. Nilipomaliza kuikaza nikageuka.

Mama anauliza tufanye nini. Yeye angetaka azikwe huku. Lakini Baba aliwahi kusema, si mara moja, kwamba akifa tumrudishe kwa mama yake, maana maiti hafukuzwi. Sijui kama ni kweli. Nani atamwambia Bibi? Naomba uwe wewe.

Binti yako


Kasri, 29 Septemba

Mwanangu,

Nilimwambia mimi. Alikuwa ananyoosha nguo za jirani. Aliinua pasi akaisimamisha mahali pake, ndipo akakaa. Mengine siwezi kuyaandika. Poleni wewe na mama yako.

Sikiliza sasa yaliyotokea, maana yamekwenda haraka. Kama ujuavyo, Kaka yetu alifariki mwaka jana na binti yake ndiye malkia. Ni msichana mzuri, hana uchungu wa zamani, na anataka bonde limpende. Nilipompelekea habari, alisema hapo hapo kwamba baba yako arudishwe kwa heshima zote, azikwe makaburi ya wafalme, jiwe liandikwe mwana wa mfalme. Lakini washauri wake wakamkumbusha kwamba kisheria yeye ni mwana wa mpaka rangi. Ili abadilike, aliyeapa lazima aape upya. Kosa la kwanza atasamehewa.

Nilimpeleka bibi yako barazani nimemshika mkono. Miguu yangu mibovu kuliko yake, sijui nani alimshika nani. Alivaa koti jipya. Mwenye kuongoza kiapo akamuuliza kwa upole kama mtu anayezungumza na kiziwi, marehemu alikuwa mwana wa nani. Bibi yako akasema, "Wa mfalme. Kila mtu hapa anajua, na babu yako wewe ndiye aliyekuwa mlangoni akilinda." Ukumbi ukacheka, safari hii si kumcheka yeye. Malkia alishuka kitini akamshika mikono yote miwili. Nilidhani mambo yamekwisha na kwamba hatimaye nimepata siku moja ya kufurahi.

Wakatupeleka kutuonyesha pa kuzikia. Pazuri, kivuli, kuta za mawe, jirani kabisa na Baba. Bibi yako akazunguka, akagusa ukuta, akauliza, "Na mimi mtaniweka wapi?" Msimamizi wa makaburi hakuelewa. Akarudia. Yule akaeleza kwa adabu kwamba humo huzikwa damu ya kifalme na wake wa ndoa tu, lakini mama mzazi atatafutiwa mahali pa heshima nje ya ukuta. Bibi yako akatazama ukuta ule, akasema, "Basi hapana. Nimeishi nje ya ukuta wake wa kutosha." Akaanza kuondoka.

Malkia amejaribu, mimi nimejaribu. Washauri wamenung'unika kwamba kiapo kimetolewa bure. Bibi yako amesema kiapo hakikuwa bei, aliulizwa akajibu. Anataka mwanawe azikwe makaburi ya kawaida, bondeni juu. Malkia mwishowe amekubali, na ametoa gari. Mimi daktari amenikataza safari, goti limevimba kama boga. Niandikie kila kitu.

Shangazi yako


Bondeni juu, 12 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa goti.

Tumemzika jana. Mpakani yule karani kijana alifungua karatasi, akasoma jina, akasimama. Hakujua afanye nini zaidi, akatufungulia njia. Mama alilala njia nzima kichwa chake kimeegemea jeneza.

Bibi alikuwa ametutangulia. Nilijua ni yeye kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akifanya kazi, wengine wote walikuwa wakilia. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku akatazama paji langu, akasema, "Haya," kisha akamwendea mama yangu wakakumbatiana muda mrefu. Hawana lugha moja ya kuelewana vizuri, lakini kufika saa sita walikuwa wanabishana kuhusu namna ya kukunja shuka.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Vijana wengi hawamjui, wanajua tu kwamba mabomba ya vijiji yanaitwa ya Msumari, baadhi walidhani ni jina la kiwanda. Wazee waliwaeleza. Si wote waliomsifu, Shangazi, na naona ni haki nikuambie. Mzee mmoja alisimama akasema maji alitupa, wana wetu alitupotezea, na ninyi mnaokuja kumlilia mjue yote mawili. Hakuna aliyemnyamazisha. Mjane wa Mwashi alifika mwishoni kabisa, amesimama kando na watoto wake ambao sasa ni watu wazima kunizidi. Nilikwenda kumsalimia nikiwa sijui nitasema nini. Nikamwambia Baba alikuwa akimtaja mumewe kila mwaka msimu wa kuchimba. Akasema, "Nami namtaja. Kila siku." Hakukasirika, lakini hakunipa mkono mpaka tulipoagana.

Malkia alituma mtu na kibao cha shaba cha kuweka juu ya kaburi, kimeandikwa Mwana wa Mfalme. Mama aliniachia mimi niamue. Nilimpelekea Bibi. Akataka nimsomee, nikamsomea. Akauliza kama kuna nafasi imebaki chini. Nikasema ipo. Leo asubuhi fundi wa hapa amechonga mstari wa pili, Na wa Mama Dobi. Herufi zimepinda kidogo, Bibi anasema si neno.

Nitakaa naye hadi mvua, kisha tutaona. Karakana nimemwachia Mama na mafundi.

Kitu kimoja zaidi. Watu walipoanza kutawanyika, Bibi alimrudisha mchimba kaburi, kijana mpole, ameanza kazi mwaka huu. Akamwonyesha ardhi iliyo ubavuni mwa Baba, akamwambia aipime ya kwake sasa hivi wakati yeye yupo na anaona. Yule kijana akaona haya, akapima haraka haraka akachomeka kigingi. Bibi akasimama pale akapaangalia, akasema pembamba.

"Mimi hulala nimejinyoosha," akamwambia.

Mchimba kaburi akaking'oa kigingi, akakisogeza.

Binti yako